Jua la Utosi, Maji Makavu: Shajara ya Picha za Ufuko wa Jambiani

Agosti 2025, bamvua la mwezi mpevu

Mradi umeanza. Nataka seti ya picha za mandhari ya ufuko wa Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, bahari ikiwa imekupwa na mashamba ya mwani yakiwa nje. Zote nitazipiga kati ya saa tano asubuhi na saa saba na nusu mchana. Wenzangu wa kamera wameshacheka. Sote tumefundishwa kwamba mandhari hupigwa jua likichomoza au likizama, na kwamba saa sita mchana kamera huingia mkobani na mwenye kamera huingia kivulini.

Kwa mlima au mbuga, sawa. Ufuko huu una hesabu yake. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kukupwa kupita kawaida, huja na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Hapa Unguja, siku za bamvua bahari hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 hivi. Kwa hiyo kupwa kuu, ile inayofungua uwanda wote mpaka karibu na mwamba wa baharini unaovunja mawimbi, huangukia kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Jua likichomoza siku hizo, maji yapo njiani yakishuka. Likizama, yapo njiani vilevile. Zipo siku ambazo bahari hukupwa alfajiri au magharibi, lakini hizo ni siku za maji mafu, bahari hairudi mbali na mashamba mengi hayaonekani sawasawa. Anayesubiri mwanga wa dhahabu hapa atapata mwanga, mandhari hatoipata.

Kwa hiyo sihangaiki tena kutafuta namna ya kuukwepa mchana. Ninachotafuta ni kile ambacho mchana unakitoa na saa nyingine haziwezi.

Upande wenyewe nao unasaidia hoja yangu. Ufuko unatazama mashariki. Asubuhi ukielekeza lenzi baharini unapigana na jua uso kwa uso, na alasiri maji yamesharudi.

Agosti, siku iliyofuata

Kusi linavuma. Mchana wa mwezi huu jua bado liko kaskazini mwetu, kama nyuzi 22 kutoka utosini, na mtu wa wastani ana kivuli kisichofika hata sentimita 70. Kivuli kifupi hivyo ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Hakichori umbo la kitu chochote, kinabandika tu doa jeusi upande mmoja wa kila kigingi.

Jambo la maana la leo ni mchanga. Mchanga huu ni wa matumbawe, mweupe, na saa sita unarudisha mwanga kutoka chini kwa nguvu. Niliwatazama wakulima wakiinama mashambani: chini ya ukingo wa kofia, mahali ambapo barabarani mjini ungeona giza tupu, hapa unaona ngozi, nguo, hata maua ya kanga. Mwanga wa juu unapiga, wa chini unajaza. Nilipiga kitu hichohicho, ndoo nyeusi ya plastiki, mara moja juu ya mchanga mkavu na mara moja kwenye udongo mwekundu kule nyuma ya nyumba. Kwenye udongo ubavu wa ndoo ulikufa kabisa. Kwenye mchanga niliona hata mikwaruzo yake. Ukali tunaoulaumu mchana kwa kiasi kikubwa ni ukali wa ardhi nyeusi.

Tatizo ni kwamba kamera hudanganyika. Kipimo chake hudhani dunia ni ya kijivu, na kikiona mchanga mweupe unaojaza fremu kinaupunguza mwanga mpaka ufuko uonekane kama umenyeshewa na majivu. Nimeacha kukisikiliza. Naanza na kanuni ya wazee wa filamu: jua kali, tundu f/16, kasi ya shata iwe sawa na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kwa ISO 100 ni sekunde 1/100 kwa f/16, au 1/400 kwa f/8. Halafu naangalia histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha, na kusogeza mlima wake kulia kadiri ninavyoweza bila kugonga ukuta. Ufuko wa wazi unaweza kudai upunguze stopu nzima, yaani nusu ya mwanga, zaidi ya kanuni hiyo.

Kioo cha nyuma ya kamera hakisomeki kabisa saa hizi. Kanga moja kubwa kichwani na juu ya kamera imetosha.

Septemba, mwezi ulipopatwa

Tarehe 7 mwezi ulipatwa wote. Nusu ya kijiji ilikuwa nje usiku, na siku mbili baadaye bahari ilikupwa karibu na saa tano, vizuri kabisa kwa kazi yangu.

Nimeomba ruhusa kwa kikundi cha akina mama wenye mashamba upande wa kusini. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa na kijiji jirani cha Paje mwaka 1989, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Mwani hufungwa kwa vikamba vyembamba kwenye kamba ndefu, kamba hunyooshwa kati ya vigingi, na shamba zima ni safu ya mistari hiyo. Kwa mpiga picha ni zawadi. Sharti walilonipa ni moja, nyuso zisionekane. Kwa jua la namna hii, na kofia pana juu ya mtandio, sharti limejitimiza lenyewe.

Mkubwa wao aliniuliza, akiwa hajainua kichwa:

“Mwanangu, jua hili litakuua. Kwa nini usije alasiri?”

“Alasiri shamba lenu si liko chini ya maji, bi mkubwa?”

Akacheka. “Haya, na wewe basi ushakuwa mkulima.”

Baadaye nilimwonesha picha moja kwenye kompyuta. Hakusema nzuri wala mbaya. Aliweka kidole kwenye mstari wa tatu kutoka kushoto na kumwita mwenzake: “Njoo uione kamba yako ilivyolegea.” Nikaitazama upya, na kweli, mistari yote ilikuwa imenyooka ila huo, umelala tumbo katikati. Mimi nilikuwa nimeipanga picha nzima kwa rangi, yeye akaisoma kwa mistari. Picha ile ndiyo iliyonipa sheria ya kwanza ya mradi huu.

Mwanga wa pembeni ndio unaotuambia kitu kina unene, kwa sababu unaweka upande mmoja kivulini. Mwanga wa utosi hautuambii hivyo. Kila kitu kinalala bapa, na mpiga picha akijaribu kuchonga umbo atachoka bure. Kina cha picha lazima kitoke pengine: mistari inayokimbia na kubanana kadiri inavyokwenda mbali, mtu mkubwa mbele na mdogo nyuma, kitu kinachofunika kingine. Hapa naongeza mikanda ya rangi. Ukisimama juu ya mchanga mkavu na kutazama mwambani unaona mkanda mweupe, kisha wa kijani kibichi cha maji ya kifundo, kisha wa kahawia wa mwani, kisha wa feruzi, kisha wa buluu, mwisho mstari mwembamba wa povu linapovunjika wimbi. Saa kumi na mbili asubuhi mikanda hiyo haipo. Bahari yote ni kioo cha mbingu.

Septemba, bamvua la mwezi mwandamo

Hili ni bamvua kubwa, mchana na usiku vinakaribia kulingana, nayo bahari inakwenda mbali kuliko kawaida. Tofauti ya kujaa na kukupwa wakati wa bamvua hapa Unguja inafika karibu mita 4.

Nimefanya kazi na ngazi. Ni ngazi ya kukunja ya mafundi rangi, yenye vidato vinne, na chini ya miguu yake nimefunga vipande vya mbao za plaiwudi ili isizame kwenye mchanga mbichi. Watoto wameipenda sana. Kila nikishuka, mmoja anapanda.

Sababu ya ngazi ni filta ya polaraiza, na sababu ya filta ni maji. Jua likiwa chini, tuseme nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, karibu theluthi moja ya mwanga wake inaruka juu ya maji na kwenda zake. Likiwa utosini, takriban asilimia 2 tu ndiyo inayorudi, mwingine wote unazama, unagonga mchanga mweupe chini na kupanda tena ukiwa umepoteza wekundu wake njiani. Feruzi ile inatoka huko. Kinachobaki kuiharibu ni mng'ao wa mbingu juu ya maji, na polaraiza huuondoa vizuri zaidi ukitazama maji kwa pembe moja maalumu, kama nyuzi 37 chini ya upeo. Nikisimama chini, macho yangu yakiwa mita 1.6 kutoka ardhini, pembe hiyo inaangukia mita 2 hivi mbele ya miguu yangu, yaani sehemu ndogo ya fremu, karibu na vidole. Nikiwa juu ya ngazi, kimo cha mita 2.8, inaangukia karibu mita 4 mbele. Ukanda ulio wazi unapanuka na kuhamia mahali penye maana, penye safu ya pili na ya tatu ya vigingi.

Filta inakula stopu moja na nusu au zaidi, lakini kwa mwanga huu nani analalamika? Bado nina 1/250 kwa f/8 bila kugusa ISO sana.

Jambo la pili kuhusu filta sikulitarajia, ingawa fizikia yake ni nyepesi. Polaraiza hukoza mbingu kwenye ukanda ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Asubuhi ukanda huo unapita utosini na kushuka pande mbili, ndiyo maana lenzi pana hutoa mbingu yenye doa la buluu nzito katikati na weupe pembeni, inachukiza. Jua likisimama utosini, ukanda wa nyuzi 90 unalala chini, unauzunguka upeo wote. Popote unapoelekeza lenzi, mbingu inakoza kwa usawa. Haikozi sana, maana karibu na upeo kuna ukungu wa chumvi, lakini hakuna doa. Kwa miaka nimekuwa nikiacha filta hii nyumbani mchana kwa kuwa vitabu vyote huisifia asubuhi. Vitabu hivyo huandikwa kwa nchi ambazo jua halifiki utosini.

Tarehe 9 Oktoba

Leo ndiyo siku. Jua hupita juu kabisa ya Jambiani mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na siku hizi za Oktoba. Mwaka huu mwezi ulikuwa mpevu tarehe 7, kwa hiyo bamvua na jua la utosi vimekutana wiki moja.

Nilikuwa shambani tangu saa nne. Maji yalifika mwisho wake karibu na saa tano, yakatulia, kisha yakaanza kurudi polepole. Kusi limekwisha nguvu, tumo kwenye tanga mbili, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, na uso wa maji ulikuwa na mikunjo midogo tu.

Karibu na saa sita na dakika tisa vigingi vilipoteza vivuli. Havikuwa vifupi, havikuwepo. Kijiti kimesimama mchangani na kando yake hamna kitu. Mtu aliyesimama wima alikuwa na duara jeusi linalomzunguka miguu, kivuli cha kofia yake mwenyewe. Aliyeinama alikuwa na kivuli chenye umbo la mgongo wake, kimelala moja kwa moja chini yake, kinatenganishwa naye na hewa na maji ya kifundo. Kwa dakika kama kumi kila mtu alionekana ameelea. Hapo ndipo ubapa niliokuwa naulalamikia Agosti ulipogeuka kuwa mali. Nilipanda ngazi, nikainamisha kamera mpaka upeo ukatoka nje ya fremu, nikabaki na mistari ya kamba, madoa ya mwani, migongo mitatu na duara zake.

Kidogo baada ya hapo adhana ya adhuhuri ikasikika. Ukifikiri, muadhini na mimi tunafuata kitu kimoja, kupinduka kwa jua. Na kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake ukiongeza kile kivuli cha zawali, kinachokuwepo jua likiwa juu kabisa. Leo cha kuongeza hakuna.

Maji yalipofika nusu ya kifundo nilipata nilichokuwa nakitafuta chini kabisa. Kila kikunjo cha maji ni lenzi ndogo. Jua likiwa juu kabisa, mikunjo hiyo inakusanya mwanga na kuchora nyuzi nyeupe juu ya mchanga, zinazotembea na kukatika na kuungana. Huziona pia asubuhi, lakini zimevutika upande mmoja na hazina makali. Saa sita zinakuwa na matundu yaliyokaa sawa, kama jarife, wavu wa kuvulia, limetandazwa chini ya maji. Zinakwenda mbio. Kwa 1/125 zilitoka ukungu. 1/500 ilizikamata, na hapo filta ilibidi niitoe, nikalipa kwa mng'ao kidogo wa mbingu. Nikiwa karibu, kamera ikitazama chini wima, mng'ao huo si mkubwa, kinachosumbua ni kivuli changu mwenyewe na cha ngazi. Dawa yake ni kunyoosha mkono na kamera mbele, upande ambao hakuna kitu, na kupiga kwa kipima muda. Mikono inauma.

Picha za leo nyingi hazina mbingu. Nimeamua nusu ya seti nzima iwe hivyo.

Oktoba, mezani

Kuchagua na kusafisha. Maamuzi machache:

Sifungui vivuli. Programu inanishawishi kuvuta kile kitelezi mpaka duara za kofia ziwe kijivu, na picha inakufa papo hapo. Weusi mdogo uliokolea ndio unaoushikilia weupe wote ule.

Sikolezi rangi. Feruzi imetoka baharini ikiwa imeshakolea vya kutosha. Ukiiongeza tu kidogo unapata kadi ya hoteli, nasi kadi za hoteli tunazo.

Picha za lenzi ndefu, zile za kuvuta mwamba karibu, nimeziondoa karibu zote. Si suala la fokasi. Hewa juu ya mchanga wa moto inacheza, mazigazi yanakula kila mstari ulio mbali zaidi ya mita mia chache, na hakuna programu inayoyarudisha. Mbili nimezibakiza kwa sababu mtikisiko wenyewe umeligeuza povu la mwambani kuwa safu ya mishumaa. Zilizobaki ni za lenzi fupi, karibu na kitu.

Nyeusi na nyeupe nimejaribu. Kwa vigingi vitupu bila mwani inafanya kazi vizuri sana, hasa buluu ikipigwa chini hadi karibu nyeusi. Kwa mashamba hapana, mwani na maji vinakuwa kijivu kimoja.

Novemba, mwezi mpevu wa mwanzo wa mwezi

Bamvua kubwa tena, mwezi ulikuwa karibu sana na dunia. Jua limeshatupita kwenda kusini, kama nyuzi 10 kutoka utosini, vivuli vimerudi upande wa kaskazini, vifupi lakini safi.

Vuli imeleta mawingu, na mawingu ndiyo habari ya mwezi huu. Kufika saa tano hivi, nchi kavu ikishapata moto, mawingu ya pamba huota juu ya kisiwa huku bahari ikibaki wazi. Mengine hutoka na kupita juu ya uwanda. Kivuli cha wingu kinatua kwenye mchanga, kinatembea, kinaingia majini. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti nina mwanga unaochagua. Naweka kamera kwenye stendi, napanga fremu, kisha nasubiri mpaka kivuli kifunike mchanga wa mbele, ule mweupe unaovuta jicho kupita kiasi, huku shamba la nyuma likibaki juani. Kuna siku wingu linakubali mara moja, kuna siku linakwenda zake kijiji cha Bwejuu.

Hapa kipimo cha mwanga lazima kiwekwe kwa sehemu iliyo juani na kufungwa hapo. Ukiiachia kamera ijiamulie, kila wingu linapopita itafungua, na shamba linaungua.

Mkubwa wa akina mama ameomba nakala mbili, moja ya kikundi na moja ya ile kamba iliyolegea. Hiyo ya pili nadhani ni ya kumchokoza mwenzake.

Mipango ya Machi

Jua litarudi utosini karibu na tarehe 4 Machi 2026, na mwezi utakuwa mpevu tarehe 3. Safari hii jua litasimama karibu na saa sita na nusu, si saa sita na dakika tisa, kwa hiyo kupwa na utosi vitakaribiana zaidi siku ya tatu hivi baada ya mwezi mpevu, si ya pili. Kwa kalenda ni wiki nzuri.

Ila mwezi mpevu huo ni wa katikati ya Ramadhani. Sote tutakuwa tumefunga, na sijui ni akina mama wangapi watakuwa shambani saa sita, wala sitowaomba. Tena ni msimu wa kaskazi, maji yana moto, mwani hunyauka, na mashamba mengine huachwa vigingi vitupu. Basi picha za Machi zitakuwa za vigingi na kamba tupu na zile nyuzi za mwanga mchangani, na pengine hapo nyeusi na nyeupe itapata kazi yake. Nimepanga kufika saa tano na nusu, si saa nne, na kuondoka saa saba. Ngazi itabebwa na kijana wa jirani kwa malipo. Bado nahitaji kofia pana kuliko hii niliyonayo, na plaiwudi mpya, ile ya kwanza imeshachanuka kwa chumvi.